Kitu Kimoja kwa Kila Ng'ombe

Novemba 1999 kampuni ya Game Freak ya Japani ilitoa michezo ya video ya Pokémon Gold na Pokémon Silver, na kati ya mambo yaliyoongezwa juu ya michezo ya kwanza ya mwaka 1996 lilikuwamo moja dogo lililokuja kugeuza mchezo mzima: kila kiumbe sasa aliweza kubeba kitu. Kimoja tu. Kabla ya hapo mchezaji alimnasa kiumbe, akamlea mpaka akapata nguvu, kisha akampeleka kupigana na kiumbe wa mwenzake. Ushindi ulitokana na asili yake, kiwango chake na mapigo aliyofundishwa. Sasa likaja swali la pembeni. Apewe tunda la kumwamsha usingizini? Apewe mabaki ya chakula, yanayomrudishia sehemu moja ya 16 ya uhai wake kila zamu? Mwaka 2002 kikaja kitambaa kinachoongeza nguvu ya pigo kwa nusu nzima lakini kinamfunga mbebaji arudie pigo lilelile mpaka aondolewe uwanjani. Mwaka 2006 likaja tufe linaloongeza nguvu kwa asilimia 30 na kumla mbebaji asilimia 10 ya uhai kila anapopiga. Katika mashindano rasmi ikawekwa kanuni kwamba viumbe wawili wa timu moja wasibebe kitu cha aina moja. Wachezaji wa dunia nzima hukesha wakipiga hesabu za jambo hili, na wengi wao wanadhani ni hesabu mpya.

Si mpya. Kusini-magharibi mwa Uganda, katika nyanda za Ankole, uliokuwa ufalme wa Nkore, ambazo leo zina mji wa Mbarara upande mmoja na makazi ya wakimbizi ya Nakivale upande mwingine, watu wamejiuliza swali hilohilo kuhusu ng'ombe kwa karne kadhaa: huyu mnyama, zaidi ya mwili aliozaliwa nao, nimpe nini? Katika ukanda wa Maziwa Makuu orodha ya vitu vya kumpa haikuwa fupi. Zilikuwapo shanga, kengele, alama ya moto, dawa, mlinzi mwenye mkuki. Hoja yangu ni kwamba kitu kilichotangulizwa mbele ya vyote kilikuwa jina, na kwamba kilitangulizwa kwa sababu za hesabu, hesabu ya mali na ya utawala, kabla hazijawa sababu za ushairi. Historia ya Nakivale ndiyo ushahidi wangu mkubwa, kwa kuwa hapo lilifanyika jaribio ambalo hakuna mwanahistoria angethubutu kulipanga: wafugaji walinyang'anywa kila kinachoshikika, tena zaidi ya mara moja, na ikaonekana nini kimewabakia.

Kabla ya jina, hata hivyo, inabidi kuziweka kando pembe, maana ndizo zinazomteka kila mgeni. Mjini Mbarara ng'ombe mwenye pembe ndefu amesimamishiwa sanamu; Marekani, ambako uzao huu hufugwa kwa jina la Ankole-Watusi, ni pembe hizo ndizo zinazopelekwa kwenye maonyesho. Ni kazi ya binadamu, ndiyo, kwa maana kwamba vizazi vya wafugaji walimbakiza fahali mwenye pembe za kupendeza na kumtoa mwingine. Lakini ng'ombe akishazaliwa nazo ni zake, hazihamishiki. Mchezaji wa Pokémon angeziandika katika safu ya asili, pamoja na mwendo na uvumilivu wa kiu. Kitu cha kubebeshwa ni jambo jingine kabisa: hutoka kwa mtu, hukaa juu ya mnyama kwa makubaliano ya watu, na huweza kuondolewa bila mnyama mwenyewe kupungua chochote. Ukimvua kengele, ng'ombe ni yuleyule mizanini. Tofauti hii si ya kuchezea maneno. Anayeandika historia ya Ankole kwa kutazama pembe peke yake huishia kuandika habari za damu na uzao, na habari za damu katika nchi hizi zimeshaandikwa kupita kiasi, kwa madhara tunayoyajua. Mimi nafuata vitu vilivyotolewa, kwa sababu hapo ndipo mtu anaonekana akipima na kuchagua.

Kipimo cha kwanza kilikuwa rangi. Katika Runyankore, lugha ya Ankole, ng'ombe hatajwi rangi kama shati linavyotajwa. Bihogo ni yule wa kahawia iliyokolea kuelekea wekundu, na ndiye aliyependwa kupita wote. Gaaju ni wa kahawia nyepesi. Na baada yao yapo majina ya madoa, ya mistari, ya uso wenye baka, ya namna pembe zilivyopinda. Msamiati huu ulifanya kazi ya daftari. Mfugaji asiyeandika, ambaye kundi lake huchanganyika na la jirani penye maji, anahitaji njia ya kusema “huyu ni wangu” mbele ya mwamuzi. Anayeweza kutaja rangi, pembe, mama wa ng'ombe, bibi wa ng'ombe na mtu aliyemtoa, huyo ana hati. Tena koo nyingi za Nkore zilikuwa na mwiko uliohusu ng'ombe wa alama fulani, ambaye watu wa ukoo huo hawakumla wala kunywa maziwa yake. John Roscoe, mmisionari aliyeugeukia uchunguzi wa mila, aliorodhesha miiko ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1923 kuhusu Wanyankole. Kwa hiyo rangi ikishatajwa, tayari kuna swali la nani anywe na nani apishe. Msomaji wa pwani ataelewa haraka akiifikiria kanga. Kitambaa ni pamba tu, lakini yale maandishi tunayaita jina, na jina ndilo linaloamua kanga hiyo aletewe mama mkwe au arushiwe mke mwenza. Kanga mbili za rangi moja na majina mawili si kanga moja, na muuzaji yeyote wa Mombasa anajua.

Juu ya rangi liliwekwa jina la sifa. H. F. Morris, aliyekusanya tungo za Wahima, wafugaji wa Nkore, na kuzichapisha mwaka 1964, alizitenga aina mbili: ebyevugo, ambamo shujaa hujisifu kwa vita alivyopigana, na ebirahiro, ambamo husifiwa ng'ombe. Undugu wa fani hizo mbili haukutokea kwa bahati. Omugabe, mfalme wa Nkore, aliwapanga watu wake katika vikosi vilivyoitwa emitwe, na sehemu kubwa ya vita ilikuwa kulinda ng'ombe wa nyumbani na kuteka wa ng'ambo. Ng'ombe alikuwa ndiye anayepiganiwa, na utungo ulimweka upande wa wapiganaji. Upande wa pili wa mpaka, Rwanda, jambo hili lilifikishwa mbali zaidi. Ng'ombe wa kifalme, inyambo, walipangwa katika makundi yaliyoambatana na majeshi ya watu. Walivishwa shanga, wakafundishwa kutembea kwa madaha mbele ya mfalme, na wakatungiwa tungo katika fani iitwayo amazina y'inka, maana yake majina ya ng'ombe. Hebu tazama fani hiyo ilivyoitwa. Hazikuitwa sifa za ng'ombe wala nyimbo za ng'ombe. Utungo mzima, uliojaa lugha ya mishale na mikuki, ulihesabiwa kuwa jina moja refu. Ng'ombe mpole ambaye pengine hakuwahi kumpiga mtu pembe aliitwa kwa maneno ya askari. Shanga zilikuwapo na zilipendeza, lakini ni pambo la siku ya kuonyeshwa. Linalomfuata ng'ombe kila siku ni lile analoitwa.

Mtu wa hesabu atapinga hapa, na ana haki. Mabaki ya chakula ya ule mchezo yanarudisha uhai uwe unaamini au huamini, ilhali hakuna jina lililowahi kumponya ng'ombe ndigana. Nakubali, ila pingamizi hili linadhani kitu cha kubebeshwa lazima kimguse mbebaji. Hata katika Pokémon si hivyo. Kuanzia 2002 imo kengele isiyoongeza nguvu hata chembe. Kazi yake ni kumzoesha kiumbe kwa mlezi wake, na wapo viumbe wasiokua mpaka wamemzoea mlezi. Kengele hiyo humfanyia kazi yule anayemtunza, na ndivyo jina lilivyofanya kazi Nkore. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kuua sehemu kubwa ya ng'ombe wa nchi hii. Mwaka 1895 akafariki Omugabe Ntare V, na utawala wa Waingereza ulikuwa njiani. Majina hayakuzuia hata kifo kimoja. Lakini fikiria hali baada ya msiba. Mfugaji mwerevu wa ukanda huu haweki mali yake yote zizi moja. Ana ng'ombe kwa mkwe, kwa rafiki, kwa mdeni wa babake. Wachache waliosalia wametawanyika, na swali la ndama huyu ni wa nani halina karatasi. Lina mama na bibi wanaotajwa. Kundi huanza upya kwa mtamba mmoja, na mtamba huyo humrudia anayekumbuka deni kwa jina lake. Jina halikuwa kinga. Lilikuwa njia ya kudai baada ya kinga kushindwa, na katika nchi ya sotoka na uvamizi hiyo ndiyo hesabu yenye akili zaidi.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo: majina ya ng'ombe wa nani? Kalervo Oberg, aliyeandika kuhusu ufalme wa Ankole mwaka 1940, aliuchora kama dola ya Wahima wafugaji juu ya Wairu wakulima, ambao kwa maelezo yake hawakuruhusiwa kumiliki ng'ombe wa kuzaa. Samwiri Karugire, katika historia yake ya Nkore ya mwaka 1971, hakuukubali ukali wa picha hiyo, na Martin Doornbos naye alionyesha jinsi utawala wa kikoloni, uliowafunga watawala wa Nkore kwa Mkataba wa Ankole wa 1901, ulivyoukaza mpaka uliokuwa na nafasi za kupitia. Naona Karugire na Doornbos wako karibu zaidi na ukweli. Hata hivyo tungo zilizotufikia ni za waliokuwa na ng'ombe wa kutosha kuwasifu, na hilo halifutiki. Ekyanzi, kile chombo cha mti cha maziwa ambacho leo huuzwa kama kumbukumbu ya utamaduni wa Ankole, kilichongwa na mafundi wa Kiiru. Aliyechonga chombo mara nyingi hakuwa na sauti juu ya maziwa yaliyojazwa humo. Hoja yangu haihitaji kwamba mfumo huu ulikuwa wa haki. Inahitaji kwamba ulifanya kazi, na kufungiwa nje kwa Wairu ni ushahidi wa kazi hiyo. Hakuna anayehangaika kumzuia jirani yake asipate pambo tupu. Alizuiwa kwa sababu anayemiliki ng'ombe wa kutajika anamiliki pia deni, mahari, urafiki na nafasi ya kusikilizwa.

Sasa tufike Nakivale. Makazi haya huhesabiwa kuanza mwaka 1958 na kutangazwa rasmi 1960, kando ya ziwa la jina hilohilo, kilomita zipatazo 60 kutoka Mbarara, katika eneo ambalo siku hizi ni wilaya ya Isingiro. Wakazi wake wa mwanzo walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda, hasa baada ya machafuko ya Novemba 1959. Wafugaji walikuwamo wengi, na waliobahatika walivuka mpaka na ng'ombe wao. Ardhi waliyoifikia haikuwa ngeni kwa ng'ombe wala kwa maneno ya ng'ombe. Kinyarwanda nacho kina bihogo, kina gaju. Mkimbizi aliyefika Isingiro aliweza kumweleza mwenyeji wa Kihima ng'ombe aliyempotelea njiani bila mkalimani. Hilo si jambo dogo. Mwenyeji na mkimbizi kwa kawaida huanza kwa kutoelewana kitu gani kina thamani. Hapa thamani ilikuwa na msamiati kabla ya hema la kwanza kusimamishwa. Zaidi ya miaka 20 ikapita, watu wakaoana, wengine wakatoka makazini na kujenga mazizi katikati ya wenyeji. Kisha Oktoba 1982, enzi ya serikali ya pili ya Milton Obote, viongozi wa UPC wa Mbarara na vijana wa chama waliendesha fukuzafukuza dhidi ya Wanyarwanda. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaporwa, makumi ya maelfu ya watu wakasukumwa hadi makazi ya Nakivale na Oruchinga au kuvuka kurudi Rwanda. Aliyeporwa hakuwa na hati ya kuonyesha, na hata angekuwa nayo, hapakuwa na wa kumwonyesha.

Katika Pokémon lipo pigo la kumpokonya mpinzani alichobeba: kiumbe hubaki, kitu huondoka. Mwaka 1982 ilitokea kinyume chake. Mnyama aliondoka, kitu kikabaki kwa mlezi. Jamii ya wakimbizi wa Rwanda nchini Uganda iliendelea na tungo na ngoma za ng'ombe, ile ya wanawake wanaocheza mikono ikiwa imeinuliwa kuwa pembe ikiwamo, na waliozicheza ni pamoja na vijana waliozaliwa Uganda. Zizi limechomwa, pembe zinachezwa. Baadhi ya vijana wa kizazi hicho waliingia Rwanda kivita kutoka ardhi ya Uganda tarehe 1 Oktoba 1990, na baada ya vita kwisha Julai 1994 wakimbizi wa zamani walianza kurudi Rwanda kwa wingi, makundi ya ng'ombe yakitangulia au kufuata. Walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1997 mpaka wa hifadhi ya Akagera ulichorwa upya na sehemu kubwa ya eneo lake la magharibi ikawa makazi na malisho. Ng'ombe hao hawakuwa walewale wa mwaka 1959, na wengi walikuwa wamezaliwa Ankole. Lakini bihogo alikuwa bihogo, na aliyerudi aliweza kuitisha malisho kwa lugha ambayo babu yake aliondoka nayo.

Msomaji mkali atasema hapo hapakuwa na kuchagua: aliyenyang'anywa vyote hubaki na maneno kwa sababu maneno hayana uzito, si kwa sababu aliyatanguliza. Nimelipima pingamizi hili kwa muda mrefu kuliko mengine, maana lingeniangusha kama lingekuwa kweli. Linaangushwa na mambo mawili. La kwanza ni la tarehe: ebirahiro na amazina y'inka zilikuwapo kabla ya ukimbizi wowote, wakati mwenye ng'ombe alikuwa huru kumvika shanga mpaka kwato. La pili ni kwamba kukosa uzito peke yake hakuhifadhi kitu. Cheo cha Omugabe nacho hakikuwa na uzito. Kilikuwa neno na ngoma, ile Bagyendanwa iliyokuwa na ng'ombe wake yenyewe. Katiba ya Obote ya mwaka 1967 ilizifuta falme, na zilipoanza kurejeshwa mwaka 1993, wa Ankole haukurejeshwa, na miongoni mwa waliokataa walikuwa Wanyankole wenyewe, hasa waliokumbuka mambo ya Wahima na Wairu. Vikosi vya emitwe vimebaki vitabuni. Maneno hayo yote yangeweza kubebwa kwa urahisi uleule, na hayakubebwa. Yaliyobebwa ni yale yaliyokuwa na kazi kila asubuhi, mtu anapofungua zizi na kuhesabu.

Kazi hiyo ina gharama, na hapa kile kitambaa cha mwaka 2002 kinafundisha kuliko vitabu vingi. Jina linaongeza nguvu na linamfunga mwenye nalo. Ng'ombe aliyetajwa pamoja na mama na bibi yake ni vigumu kumuuza kwa bei ya nyama. Mwenye kundi anajikuta akirudia pigo moja, kuweka na kuongeza, hata pale soko linapomtaka abadili. Mwaka 1926 Mmarekani Melville Herskovits aliuandika uhusiano wa namna hii Afrika Mashariki kwa jina la kitaalamu ambalo tangu hapo limetumiwa na maofisa kama jina la ugonjwa, na kwa miongo mingi serikali, za kikoloni na za baada yake, zimelalamika kwamba wafugaji wanafuga wengi na kuuza wachache. Malalamiko hayo yana ukweli wake. Yanachokosa ni swali la mbebaji alikuwa anajiandaa kwa vita gani. Kwa anayengoja sotoka au uvamizi, kutouza mtamba ni busara. Kwa anayengoja karo ya shule na lori la maziwa, ni hasara.

Mbarara ya leo inangoja lori. Ng'ombe wa pembe ndefu hutoa lita chache kwa siku, Friesian na machotara wake hutoa mara kadhaa zaidi, na tangu miaka ya 1980 wafugaji wa Ankole wamekuwa wakimpandisha ng'ombe wao kwa damu ya Ulaya mpaka nyanda hizi zimekuwa ukanda mkuu wa maziwa wa Uganda, zenye matangi ya kupozea vijijini na viwanda kama Pearl Dairy, chenye chapa ya Lato, mjini Mbarara. Ng'ombe wa namna hii anabeba vitu vingine: dawa ya kupe, chanjo ya miguu na midomo, kibali cha kusafirishwa, na mara nyingine hereni ya plastiki yenye namba. Wapo wanaoililia hereni hiyo kama mwisho wa utamaduni. Siwafuati. Namba ni jina la kutumiwa na mgeni. Daktari wa mifugo aliyetoka Entebbe, ofisa anayefunga mnada kwa karantini, benki inayotaka dhamana, hawa hawamjui bibi wa ng'ombe na hawana siku tatu za kusimuliwa. Bihogo ni hati kwa anayeijua lugha. Namba ni hati kwa asiyeijua. Kosa ni kudhani moja inatosha pale zote mbili zinapotakiwa, na nafasi, kwa kawaida, si moja kama kwenye mchezo. Hapo ndipo ulinganisho wangu unapofika mwisho wake.

Nakivale yenyewe imebadilika kuliko Mbarara. Ina watu zaidi ya 100,000, Wakongo wakiwa wengi, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Waethiopia. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, na kiwanja anachopewa mkimbizi ni cha mahindi na maharage, si cha malisho. Migogoro ya mkulima mkimbizi na mfugaji mwenyeji anayeingiza ng'ombe imekuwapo miaka mingi. Kutoka msitu wa Kongo watu wamekuja na kumbukumbu nyingine ya kumbebesha mnyama: mbwa wa kuwindia wasiobweka, ambao huvishwa njuga ya mbao shingoni ili mwindaji awasikie kwenye majani. Kutoka nyanda za juu za Minembwe, Kivu Kusini, wamekuja Wanyamulenge, wafugaji ambao tangu mapigano yaliyoanza 2017 wamepoteza ng'ombe kwa maelfu. Kwao jaribio la 1982 limerudiwa karibu neno kwa neno, na lugha yao ya rangi za ng'ombe inafahamika kwa mwenyeji wa Isingiro kama ilivyofahamika ya waliotangulia. Watu nao wamepewa namba. Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR waliwahakiki wakimbizi wa Uganda nzima kwa alama za vidole na macho, baada ya shaka kwamba idadi ilikuwa imetiwa chumvi, na cheti cha kaya ndicho kinachofungua mgao. Namba hiyo pia ni ya kutumiwa na mgeni, na mwenye nayo anajua kuitofautisha na jina.

Wapo wafugaji wa Isingiro na Kiruhura ambao, kando ya machotara wa maziwa, huweka kundi dogo la pembe ndefu lisilolipa gharama zake. Asubuhi maziwa ya makundi yote mawili hutoka kwenye makopo yaliyofungwa nyuma ya pikipiki na kufika penye tangi la kupozea. Mpokeaji huchovya laktomita, akaandika lita, akaandika jina la mwenye kopo. Safu ya jina la ng'ombe haimo katika daftari hilo.